Mzinga mtupu unasomeka: nyuki wanaondokaje, na kufuga kiasili ni kufanya nini hasa

Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua simu yangu nayo inaanza. Mtu wa Mtama, mtu wa Tandahimba, juzi mwingine wa hapahapa Mtwara mjini, na swali halibadiliki, "kaka, nyuki wangu wamehama, nifanyeje?" Zamani nilikuwa nakimbilia kutoa ushauri, saivi namuuliza kwanza, umefungua mzinga ukaona wameacha nini ndani? Wengi wanakuwa hawajafungua. Wameona kilangoni kimya, wakagonga ubavuni, kimya, basi wamehama, na kuanzia hapo ni stori za jirani mwenye kijicho au wanaulizia ile dawa ya kuvutia nyuki inayouzwa kwenye vichupa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kuhama. Sisi tunalitumia kwa kila kitu, wakiondoka nusu wamehama, wakiondoka wote kwa njaa wamehama, wakikimbia bughudha wamehama, wakifia shambani kwa sumu wasirudi nako tunasema wamehama. Wakati hayo ni mambo manne tofauti na kila moja linaacha mzinga wa aina yake. Ukishajua kuusoma huo mzinga, ufugaji wa kiasili, yaani ule wa mzinga rahisi bila sukari, bila madawa, bila mashine, unaeleweka wenyewe, maana karibu kila kanuni yake ipo kuziba sababu mojawapo ya hizo.

Tuanze na ya heri. Kundi likishiba linazaa kundi lingine. Malkia mzee anaondoka na vibarua (wale nyuki wafanyakazi) wengi tu, na nyumbani wanabaki wengine wakimlea malkia mtoto kwenye chumba kirefu chenye umbo la karanga, kinaning'inia chini au pembeni ya sega. Malkia toka yai mpaka kutoka chumbani ni siku kama 16, kibarua wa kwetu kama 20 hivi, dume 24. Sasa mfugaji mgeni anaona wingu la nyuki linatoka, kesho yake kilangoni pamepwaya, anajua mzinga umekwisha. Haujakwisha. Ukichungulia utakuta nyuki bado wapo kwenye masega, majana yapo (yaani watoto wa nyuki), na hizo karanga zinaning'inia. Hapo funika uende zako. Malkia mpya anatakiwa atoke, akomae, aruke nje akapandwe na madume huko hewani, tena si dume mmoja ni zaidi ya kumi, arudi aanze kutaga, hiyo ni habari ya wiki kadhaa na ukiwa unamfunulia paa kila Jumapili ndo unawahamisha kweli sasa.

Na lile kundi lililotoka halijaenda mbali. Linatua kwenye tawi la mwembe kama ndevu, linaweza kukaa masaa au siku kadhaa huku wapelelezi wanazunguka kutafuta nyumba. Mpelelezi akiona pango zuri anarudi anacheza juu ya wenzake, ule mchezo wa kutikisa tumbo ambao mwanasayansi Karl von Frisch aliusoma miaka na miaka mpaka akapewa Nobel mwaka 1973. Mwelekeo anaoukata unaonesha upande ukilinganisha na jua, na muda anaotikisa unaonesha umbali. Aliyeona nyumba nzuri anacheza sana, aliyeona mbovu anacheza kidogo anaacha, wengine wanakwenda kuhakiki, mwisho wanakubaliana. Yaani mzinga wako mtupu pale shambani unakaguliwa kabla hujaujua. Wanapima ukavu, giza, kilango kidogo, nafasi ya kutosha, na wakikuta harufu ya nta ya zamani alama zinapanda. Ile dawa ya kichupa mimi sijawahi kuinunua. Nasugua nta iliyoyeyushwa chini ya viunzi (zile mbao nyembamba za juu ambazo nyuki wanajengea masega), halafu nasugua mchaichai kilangoni, ule ule wa chai. Sio uchawi, nyuki wakiitana wanatoa harufu yao kutoka kwenye tezi iliyopo ncha ya tumbo na baadhi ya viini vya harufu hiyo vimo pia kwenye mchaichai.

Ya pili ni njaa. Nyuki wetu wa Afrika sio kama wale wa Ulaya wanaojaza ghala wakasubiri baridi ipite ndani ya mzinga. Wa kwetu maua yakikata na maji yakikata wanafunga mizigo. Na hawaondoki kwa hasira, wanapanga. Malkia anapunguza kutaga mpaka anaacha, wanasubiri majana ya mwisho yatoke, wanakula asali iliyobaki, halafu siku moja asubuhi wote wanaondoka. Kwa hiyo ukifungua mzinga ukakuta masega makavu, safi, hamna asali, hamna majana hata chumba kimoja, usimtafute mchawi. Hiyo ni njaa au kiu. Na mara nyingi sababu ni wewe mwenyewe ulirina asali yote.

Kwenye kiu nataka nikae kidogo. Mtu akiwa juu uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, anajua maji ni kitu gani huko, watu wanavuna mvua kwenye visima vya saruji. Nyuki nao wanayataka, ya kunywa, ya kupooza mzinga (wanayapaka ndani halafu wanapepea kwa mbawa) na ya kulainishia chakula cha watoto. Usipowawekea watakwenda kwenye kisima cha jirani, watazoea pale, halafu akina mama wakienda kuteka wanadungwa na siku hiyohiyo unaitwa ofisi ya kijiji. Weka beseni kivulini, tupia makumbi ya nazi yaelee wapate pa kutua wasizame, na weka siku ileile kundi linapoingia. Wakishazoea chanzo kingine kuwahamisha ni kazi. Mimi nilichelewa wiki mbili tu mwaka mmoja na nilikuja kuhangaika miezi.

Ya tatu ni bughudha. Hii haipangwi. Wanaondoka wanaacha kila kitu, asali, chavua, majana yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, utafungua uwaonee huruma. Sababu zake ni siafu, majimoto (wale sisimizi wekundu wa mitini), nyegere, moto, jua kali la moja kwa moja, paa linalovuja, au binadamu mwenye kiherehere. Majimoto wa kwetu wana kesi ya kuchekesha, kwenye mikorosho na minazi ni rafiki, wanakula wadudu waharibifu na wataalamu wanashauri watunzwe, ila hao hao wakipata daraja la tawi kwenda kwenye mzinga wanakuwa majambazi. Ndo maana mzinga unaning'inizwa kwa waya na waya unapakwa grisi, au unawekwa kwenye stendi miguu yake ndani ya makopo ya oili chafu. Na unaendelea kuipaka, maana vumbi likishika oili inageuka barabara. Jani moja tu la nyasi likigusa mzinga kutoka chini, oili yote imekuwa bure.

Mimi bughudha yangu kubwa niliisababisha mwenyewe nikishirikiana na fundi. Nilimpelekea seremala kipimo, viunzi vya juu viwe na upana wa sentimita 3.2. Akaniangalia, akaniambia "bosi hiyo milimita mbili juu ya sentimita tatu ya nini, tuweke sentimita nne kamili mbao isipotee." Nikaona kweli, mbili za nini. Mzinga ukakaa vizuri tu, kundi likaingia Julai, mimi raha tupu. Mwezi wa kumi nakwenda kurina, navuta kiunzi cha kwanza hakitoki. Cha pili hakitoki. Nikabana kisu nikainua kwa nguvu, nikasikia sega linakatika, kumbe walikuwa wamejenga kwa mshazari, sega moja limeshika viunzi vitatu. Asali ikamwagika chini yote, majana meupe yamepasuka yananing'inia, nyuki wamevimba, nikakimbia. Usiku siafu wakafuata harufu. Kesho yake jioni hamna nyuki hata mmoja, kuna asali, kuna majana yanaliwa na siafu, na kuna mimi nimesimama na ndoo.

Ile milimita mbili ya nini? Ni hivi. Nyuki wa kwetu wakijenga wenyewe kwenye pango la mti, kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega la pili ni kama milimita 32. Hapo kuna unene wa sega la majana pamoja na njia ya wao kupita. Wa Ulaya ni wakubwa kidogo, wao ni milimita 35 na kitu. Hiyo njia ya kupita ina hesabu yake, mfugaji nyuki Lorenzo Langstroth huko Philadelphia, Marekani, aliing'amua mwaka 1851, kwamba ukiacha uwazi wa milimita 6 mpaka 9 hivi nyuki wanauacha wazi, ukiwa mdogo zaidi wanauziba kwa gundi, ukiwa mkubwa zaidi wanajenga sega. Sasa kiunzi cha 32 kikibanana na mwenzake kinampa nyuki ramani yake mwenyewe, sega moja kiunzi kimoja, unainua kama kitabu kwenye shelfu. Cha 40 anaanza vizuri cha kwanza, cha pili anapinda kidogo, cha tatu ameshatoka nje ya mstari. Nyuki hakukosea. Alijenga 32 kama kawaida yake, sisi ndo tulikuwa na 40.

Ya nne ni sumu, na hii huku kusini lazima isemwe maana sisi ni watu wa korosho. Mikorosho inatoa maua kuanzia Juni kwenda mpaka Septemba Oktoba kutegemea na eneo, na kipindi hichohicho ndo tunapuliza, salfa kwa ajili ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na viuadudu kwa ajili ya mbu wa mikorosho na wenzake. Salfa ya unga yenyewe sio sumu kali kwa nyuki, ni kero tu ya vumbi. Viuadudu ndo tatizo, hasa vile vya jamii ya pairethroidi, hivyo vinaua nyuki moja kwa moja. Alama zake ni kwamba mzinga unapungua ghafla, masega yana chakula na majana ila wa kuwatunza hawatoshi, na chini ya kilango unakuta nyuki wamelala wengine wanazunguka wamelala chali wakitikisa miguu. Wengine wengi hata hawakufika nyumbani.

Huwezi kumzuia jirani asipulize mikorosho yake, ndo ada ya watoto hiyo. Ila unaweza kwenda kukaa naye. Mimi nilimwendea mjomba mmoja tunayepakana naye, nikamwomba dawa ya wadudu aipulize jioni jua likizama nyuki wakiwa wameshalala, asipulize saa nne asubuhi wakati maua yamejaa nyuki. Salfa ya vumbi yeye tayari alikuwa anapuliza alfajiri umande ukiwepo ili ishike majani, hiyo haikuwa na shida. Akakubali baada ya kumweleza kwamba ua la mkorosho linahitaji wadudu ili lishike korosho. Na chupa ya asali ilisaidia pia, tusidanganyane. Mzinga wenyewe usiuweke chini ya mkorosho, tafuta mwembe, mkwaju, au ukingo wa pori.

Kuna kitu cha tano watu wanakitaja, funza na utandu mweupe kama buibui ndani ya mzinga. Hao ni nondo wa nta na mara nyingi wao ni matanga tu, msiba ulishatokea. Kundi lenye nguvu linawatoa lenyewe. Ukikuta utandu maana yake kundi lilikuwa limeshadhoofika au limeshaondoka kitambo, kwa hiyo rudi kwenye zile nne za juu utafute muuaji. Mzinga usafishe, masega yaliyoliwa yatoe, yayeyushe nta.

Sasa nije kwenye neno kiasili, maana nalo limeharibiwa. Kuna wanaoamini kiasili ni gogo tu na sanduku ni la kizungu, na kuna wanaoamini gogo ni ushamba. Wote nawapinga. Nyuki hajali umbo. Kiasili maana yake anajenga sega lake mwenyewe kwa nta yake kwa kipimo chake, anakula asali yake sio sukari yako, na anaachwa apambane na wadudu wake mwenyewe. Kuna yule utitiri wa varroa aliyesumbua sana Ulaya na Marekani, yupo Tanzania pia, ila nyuki wetu wanaishi naye bila dawa. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya kuweka mzingani mwulize anatibu nini.

Huku kwetu historia yetu kubwa ni kurina kuliko kufuga, na kwenye kurina tuko vizuri kweli. Ng'ambo ya Ruvuma, Niassa huko Msumbiji, Wayao wanaitana na ndege wa asali kwa mlio wa brrr-hm, na utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionesha mlio huo unaongeza uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza kutoka asilimia 33 hadi 66. Huo ni ujuzi mkubwa. Ila mrinaji wa porini anakata mti, anawasha mwenge, anachukua vyote pamoja na majana, maana kesho anakwenda mti mwingine. Ukija na akili hiyo kwenye mzinga wako mmoja nyuma ya shamba, umejirina mwenyewe.

Na gogo likitumiwa na mtu mwenye akili halina ubaya wowote. Kuna babu mmoja Nanyumbu nilimtembelea, nikamwamkia "shikamoo babu", "marahaba mjukuu wangu, umekuja na kofia ya wavu, unaogopa?" Gogo lake lina kilango mbele, tundu dogo la kupita kidole, na nyuma kuna kizibo cha ubao kilichozibwa pembeni kwa udongo. Jioni jua limeshashuka akakwangua udongo taratibu, akaingiza moshi wa makumbi ya nazi pumzi mbili tatu tu, akasubiri, akakata sega la kwanza limejaa asali limefunikwa, la pili, la tatu. La nne akalimulika kwanza, pembeni asali, katikati vifuniko vya kahawia vilivyovimba kidogo. Akalitazama tu, hakukata. "Hapa pana watoto, hapa si petu." Akaziba. Siri yake nzima ni kwamba nyuki wanalea karibu na kilango na ghala wanaweka mbali nacho, kwa hiyo ukiingilia nyuma unakutana na asali kwanza na majana ndo kengele ya kukusimamisha.

Kanuni hiyohiyo naitumia kwenye sanduku. Miaka ya 1970 Kenya walitoka na mzinga wa viunzi vya juu wenye mbavu za mshazari, wa kwetu Tanzania mbavu zake zimenyooka, rahisi zaidi kwa fundi. Wangu kwa ndani una urefu wa sentimita 93, maana viunzi 29 mara 3.2 ni 92.8, hiyo milimita mbili iliyobaki safari hii nimeiacha mwenyewe. Kilango kipo upande mmoja wa mwisho, matundu nane ya milimita nane hivi. Chini ya kila kiunzi katikati kuna ukingo mwembamba kama makali nimeupaka nta, ndo wanapoanzia kujenga. Mbao kavu zisizo na dawa, ndani hakuna rangi. Juu bati, na juu ya bati makuti, usipoweka makuti Oktoba hii ya kwetu nta inalainika masega yanadondoka na wewe umerudi kwenye bughudha. Masega nane ya kwanza kutoka kilangoni siyagusi kabisa, mwaka wa neema au wa shida. Hayo nane ni ya kwao. Kabla ya mvua kubwa natazama tena kama nyuma ya hayo nane kuna angalau mawili matatu ya asali, maana mvua ikishika siku nne mfululizo hawatoki, wanakula ghalani mpaka ufuta na mbaazi zije zitoe maua.

Kurina nakata yaliyofunikwa tu, walau robo tatu ya sega iwe na kifuniko cha nta. Hicho kifuniko ndo muhuri wao kwamba maji yamepungua, asali ikiwa na maji zaidi ya asilimia 20 hivi inachacha. Kuna watu wanakata mapema kwa sababu mnunuzi ameshatoa hela, yaani kangomba ya asali (kama ule ununuzi wa korosho wa kinyemela), halafu baada ya miezi miwili ndoo inatoa povu anasema nyuki wa kwake wabaya. Moshi utumie makumbi ya nazi makavu au nyasi. Maganda ya korosho usithubutu, yale mafuta yake yanaunguza, moshi wake unawasha macho na kifua chako kabla ya kufika kwa nyuki. Na usile ndizi ukaenda mzingani, harufu ya nyuki ya kutangaza vita inafanana sana na ndizi mbivu.

Halafu wapo wanaotaka kufuga nyuki nyumbani. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Nyuki hawa wanaodunga sio wa uani. Waweke mita 200 au zaidi kutoka kwenye nyumba, njia, shule na kisima, na usifunge mbuzi karibu, mbuzi wa kamba hawezi kukimbia. Kama uko Chikongola hapa Mtwara mjini au Lindi mjini na uwanja wa hatua kumi, usiweke, hata kama umeona video ya mzungu anafuga kwenye roshani. Wale ni nyuki wengine. Ukidungwa kwangua mwiba haraka kwa kucha, na mtu akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kumpaka kitunguu kwanza.

Cha uani ni nyuki wadogo, wale wasiodunga. Watu wengi wanao bila kujua, ukiona kwenye ukuta wa udongo au kwenye shina la mti kijibomba cha nta laini kinachochomoza kama kidole cha mtoto, na vinyuki vyeusi vimekaa mlangoni, ndo hao. Kero yao ni kuingia kwenye nywele na masikio ukiwachokoza. Hawajengi masega ya asali kama wakubwa, wanatengeneza vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, asali humo, chavua humo. Asali ni kidogo, usitegemee ndoo.

Na hapa ndo utamu wa hadithi yote ya kuhama. Hawa hawahami. Malkia wao akishakomaa tumbo linakuwa kubwa hawezi tena kuruka, kwa hiyo hawezi kukukimbia. Wakitaka kuzaa kundi anayeondoka ni binti, mama anabaki, na hata huyo binti haondoki kwa pupa, vibarua wanakwenda na kurudi siku nyingi wakibeba nta na chakula kutoka nyumba ya zamani mpaka mpya iwe tayari. Kwa hiyo sanduku lao, la ukubwa kama wa boksi la viatu, linaweza kukaa chini ya dari lako miaka, mradi majimoto wasilifikie na jua la mchana lisilipige. Ukiwahamisha kutoka kwenye gogo fanya taratibu, vijungu vilivyopasuka vitoe nje vyote, maana asali ikimwagika ndani inawazamisha na inaita nzi.

Shemeji yangu mmoja Mikindani anao chini ya upenu wa jiko. Mara moja kwa mwaka anatoboa vijungu vya pembeni kwa mwiba wa mlimao, anainamisha sanduku, inachuruzika kwenye kikombe, nyepesi, yenye uchachu. Nyepesi kweli, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, kwa hiyo inachacha haraka. Ya kwake anaiweka kwenye friji na kifuniko hakikazi mpaka mwisho, chupa ya kwanza aliikaza ikapasuka usiku wakajua mwizi.